Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: ibada ambayo kiziwi na asiyesikia vizuri nao wanaipata

Wapendwa, haya ni maswali tunayoulizwa kila mara, mlangoni baada ya ibada, kwenye simu, wengine wanapiga toka Tukuyu, Mbalizi, Makambako mpaka Iringa, wote wanataka kujua wafanyeje ili viziwi na wasiosikia vizuri waipate ibada kama wengine. Ninayeandika ni mama, niko kwenye kamati ya ibada ya usharika mmoja hapa Mbeya mjini, na mwanangu wa pili ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka 3. Sasa hivi ana 17. Kwa hiyo mengi yaliyomo humu tumeyajua kwa kukosea kwanza.

Kwetu hakuna kiziwi hata mmoja, sasa tuhangaike ya nini?

Hili ndio la kwanza karibu kila mahali. Kwetu pia tulisema hivyo hivyo. Kumbe walikuwepo mtaani, fundi viatu wa Mwanjelwa, dada anayeshona nguo jirani na sisi kabisa, walishawahi kuja mara moja mara mbili wakakaa masaa mawili wanaangalia midomo ya watu ikifunguka na kufunga, wakarudi zao nyumbani. Mtu hawezi kuendelea kuja mahali ambapo hapati kitu, hata wewe usingeenda.

Na pia usiangalie viziwi tu. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2021 linasema watu zaidi ya milioni 430 duniani wana tatizo la kusikia la kiwango cha kuhitaji huduma, na kwa waliovuka miaka 60 ni zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne. Sasa hesabu wazee wa usharika wako. Yule babu anayesimama kwa kuchelewa sekunde mbili baada ya wengine, yule bibi anayeitikia amina baada ya kumtazama jirani yake, hao wanafuata kwa macho. Wengi hawasemi, wanaona aibu, au wanadhani ndio uzee wenyewe.

Kiziwi na asiyesikia vizuri si ni kitu kimoja?

Hapana, na ukiwachanganya utanunua vifaa ambavyo havimsaidii yeyote. Kiziwi, hasa aliyezaliwa hivyo au aliyepoteza usikivu akiwa mdogo, lugha yake ni ya alama. Huyo hata ukimletea spika ya ukubwa wa kabati haimuhusu. Asiyesikia vizuri anaongea Kiswahili kama wewe, alama hazijui kabisa, anachotaka ni sauti safi na kuuona uso wa anayeongea, huyo ukimwekea mkalimani hajasaidika chochote. Alafu kuna aliyekuwa anasikia vizuri tu akapoteza ukubwani, labda kwa ugonjwa, labda kwa dawa maana zipo sindano kama gentamicin na streptomycin zinazoweza kuharibu masikio, huyu hajui alama na sauti pia haipati, anachohitaji ni maandishi. Makundi matatu, mahitaji matatu, usharika mmoja. Ndio maana jibu letu la kwanza kwa kila anayetuuliza ni moja, nendeni mkawaulize wenyewe, mmoja mmoja, kabla hamjachanga hata shilingi.

Tuwaiteje?

Kiziwi, viziwi. Wenyewe wanajiita hivyo na hawaoni ubaya. Neno bubu liacheni kabisa, linaumiza, na pia sio kweli, kiziwi anaongea sana tu, anaongea kwa mikono. Na wana majina yao. Mwanangu aliitwa "yule bubu wa mama fulani" miaka mingi na watu waliokuwa wanampenda kabisa, ikabidi niwe nasimama na kurekebisha kila mara mpaka wakazoea jina lake.

Tukiongeza sauti ya spika si inatosha?

Haitoshi, na mara nyingi inaharibu zaidi. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo hela nyingi za makanisa zinapopotelea.

Anayesikia kwa shida hakosi ukubwa wa sauti peke yake, anakosa usafi wake. Masikio yakichoka mara nyingi huanza kuziacha zile sauti nyembamba, s, f, t, ch, ndio maana mzee anakuambia "nakusikia unaongea ila sikuelewi unasema nini". Ukimpandishia spika anazidi kupata mvumo, maneno bado hayaji. Sasa jumlisha jengo lenyewe. Makanisa yetu mengi ukuta ni wa tofali na plasta, sakafu saruji, juu bati, hakuna pazia, hakuna dari, sauti inagonga huku inarudi kule, neno la pili linalikuta la kwanza bado linazunguka. Mwenye masikio mazima ubongo wake unachuja, mwenzake hawezi.

Kwa hiyo anza na vya bei rahisi. Pazia nzito ukuta wa nyuma na wa pembeni, zulia au mkeka mbele, dari kama mnaweza. Maiki iwe karibu na mdomo, upana wa kiganja hivi, mhubiri asiishike kifuani kama ua. Zungumza na fundi mitambo apunguze besi wakati wa mahubiri, sio kinanda na mahubiri vinapita kwenye mpangilio ule ule. Na ile tabia ya kinanda kupigwa polepole chini ya maombi, jamani, sisi wengine inatubariki lakini kwa mtu wa shime sikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia kinachovaliwa sikioni, ni ukuta, haoni maneno yalipo. Tuliwaomba wapigaji wetu waache kinanda wakati mtu anaongea, wiki mbili za kwanza walinuna, sasa hivi ni kawaida.

Halafu viti. Mzee asiyesikia akae mbele, lakini sio mbele ya spika, akae mbele ya mtu anayeongea. Mbali ukiongeza mara mbili sauti inashuka sana, hilo halihitaji kifaa, linahitaji mhudumu wa mlangoni anayejua kumwambia mzee "shikamoo baba, nimekuwekea nafasi huku" badala ya kumwacha aende benchi la nyuma alikozoea.

Kuna mitambo maalum pia. Upo ule waya unaozungushwa ukumbini na kuunganishwa kwenye miksa, unapeleka sauti moja kwa moja kwenye shime sikio lenye swichi ya T, mtu anasikia kama mchungaji yuko sikioni mwake. Ni kitu kizuri sana. Lakini kabla ya kununua angalieni shime sikio za watu wenu kama zina hiyo swichi, nyingi walizonazo watu hazina, au zinayo ila fundi hakuiwasha. Upo na mtambo mdogo wa redio, kisambazaji kwa mchungaji na wasikilizaji wanavaa kipokezi na hedifoni, huo hata asiye na shime sikio anautumia.

Shime sikio la bibi linapiga filimbi ibada nzima, tumwambie alivue?

Msimwambie avue! Hiyo filimbi ni sauti inayotoka kwenye kifaa na kurudi kwenye maiki yake. Inatokea kile kipande cha kuingia sikioni kikiwa kimelegea, au sikio likiwa na nta, au kitu kikiwa kimekifunika. Kwetu alikuwepo bibi mmoja, Juni na Julai ndio linapiga sana, tukafikiri ni bovu, mpaka mama mmoja akagundua ni kwa ajili ya baridi, bibi alikuwa anajifunga kitenge kichwani kinapita juu ya masikio. Tukamfundisha kufunga kitenge nyuma ya sikio, ikaisha. Likiendelea aende hospitali kwenye kliniki ya masikio, pua na koo wamsafishe na kuangalia kile kipande. Na betri zake, zile vidonge vidogo zenye stika, zikishatolewa stika zinaanza kuisha hata kama hazitumiki, kwa hiyo asiibandue mpaka siku ya kuiweka.

Mkalimani tunampata wapi, na ni lazima tumlipe?

Anzia kwa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wana matawi mikoani, na viziwi wenyewe wa mjini kwenu ndio wanajua nani anaelewa alama na nani anapunga tu mikono. Walimu wa shule za viziwi nao wanasaidia, huku nyanda za juu kusini tuna ile ya Njombe. Ukipita Iringa ingia Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa na Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha mwaka 2003, kwenye mgahawa wao wanaokuhudumia ni viziwi, unaagiza kwa kuandika au kwa ishara. Sisi tulipeleka wazee wa kanisa wanne wakanywe chai pale. Walirudi wakiwa watu wengine kabisa, maana kwa mara ya kwanza wao ndio walikuwa hawaelewi lugha ya mahali walipo.

Kulipa, ndio. Mpiga kinanda anapewa posho, fundi mitambo anapewa, mkalimani anayesimama masaa mawili anaambiwa Mungu atamlipa. Sio haki. Hata kama kanisa ni dogo, mpeni nauli na kitu, mpangieni kwenye bajeti ya mwaka kama umeme. Na wawe wawili kama inawezekana, wabadilishane kila dakika 20 hivi, kwa sababu akili inachoka haraka kuliko mikono, ukimwacha mmoja masaa mawili utaona nusu ya pili anarusha vitu.

Msimtumie mtoto au ndugu wa yule kiziwi kuwa mkalimani wa kudumu. Najua ni rahisi, binti yangu mkubwa alifanya hivyo kwa mdogo wake toka akiwa na miaka 11, tukawa tunamsifia, siku moja akaniambia "mama mimi sijawahi kuomba kanisani". Nililia sana siku ile.

Mkalimani asimame wapi?

Karibu na mhubiri, ili kiziwi awaone wote wawili kwa jicho moja, na aonekane kuanzia kichwani mpaka kiunoni. Sisi Jumapili ya kwanza kabisa tulimweka kushoto kwa madhabahu kwenye nafasi, tukaridhika, tumewaita viziwi sita wamekaa benchi la pili. Baada ya nusu saa naona mwanangu anafumba macho, anapangusa, anaangalia chini. Nyuma ya mkalimani lilikuwepo dirisha kubwa la mashariki, jua la saa tatu asubuhi linaingia lote, walichokuwa wanakiona ni kivuli cheusi kinachotikisa mikono, uso hakuna. Na uso ndio nusu ya lugha, nyusi zikipanda sentensi inakuwa swali. Viziwi sita waliacha shughuli zao kuja kutazama kivuli, na hakuna aliyelalamika, walishukuru na kuondoka.

Kwa hiyo, mwanga uje mbele ya mkalimani, sio nyuma. Nguo ya rangi moja inayoachana na rangi ya ngozi yake, kwa wengi wetu weusi rangi za mwanga zinafaa, bila maua ya kitenge, bila bangili zinazong'aa. Mchungaji asipite mbele yake, na watoa sadaka wapite upande mwingine. Siku mkiandaa, kaa mwenyewe kwenye benchi la viziwi saa ile ile ya ibada uangalie, usiangalie saa kumi jioni jua likiwa limehama.

Lugha ya alama si ni moja dunia nzima?

Hapana. Yetu ni Lugha ya Alama ya Tanzania, Wakenya wana yao, Wamarekani wana yao. Mtu aliyejifunzia klipu za Marekani akija kutafsiri Mbeya viziwi wetu watapata kidogo kidogo tu. Hata hapa nchini kuna tofauti kutokana na shule mtu aliyosoma, ya kwanza ilianzia Tabora 1963 kupitia Kanisa Katoliki, baadaye zikaja Buguruni, Mwanga na nyingine, kila shule na baadhi ya alama zake. Na sio Kiswahili cha mikono. Ina mpangilio wake wa maneno, ndio maana viziwi wengi Kiswahili cha kuandika kwao ni lugha ya pili, wanapambana nacho kama sisi tulivyopambana na Kiingereza sekondari.

Jambo moja la huku kwetu, mahubiri yakiingia Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe katikati, mkalimani aliyetoka Dodoma anabaki amesimama. Mhubiri akitaka kutumia kilugha amwambie mapema au arudie kwa Kiswahili.

Tukiweka maandishi ukutani kwa projekta si tumemaliza?

Mmewasaidia wengi lakini hamjamaliza, kwa sababu ile niliyoeleza hapo juu ya lugha ya pili. Ila wekeni, wekeni kabisa, maneno ya nyimbo, masomo, vichwa vya mahubiri, herufi kubwa nyeupe kwenye nyeusi. Wazee wote watawashukuru. Bila projekta andikeni karatasi mpige fotokopi. Kuna na programu za simu zinazoandika mtu anachoongea, kama Live Transcribe ya Google iliyotoka 2019, inakubali Kiswahili, unaweka simu karibu na spika au mchungaji anavaa maiki ndogo, maneno yanatokea. Inakosea majina ya kwenye Biblia na inahitaji bando, na kanisa likiwa na mwangwi inaandika vituko, lakini kwa yule aliyepoteza usikivu ukubwani imekuwa mkombozi. Baba mmoja hapa alikuwa haji ibadani miaka minne, sasa hivi anakuja na simu na chaja.

Kiziwi si anasoma midomo?

Kidogo sana. Simama mbele ya kioo useme bila sauti baba, alafu mama, alafu papa. Umeona tofauti? Hakuna, midomo inafanya kitu kile kile. Bata na pata hivyo hivyo. Anayesoma midomo anabahatisha kwa kufuata maana ya sentensi, na akitazama hivyo saa nzima kichwa kinauma. Mhubiri anaweza kumsaidia, asigeuke ukutani akiongea, asifunike mdomo kwa maiki, asitembee huku na huku kama yuko uwanja wa Sokoine, na aongee kawaida, asivute maneno wala asipige kelele maana kelele inabadilisha umbo la mdomo. Na mahubiri au angalau masomo yamfikie mkalimani mapema, Alhamisi au Ijumaa. Nyimbo pia. Ukimpa pambio kwa kumshtukiza unategemea nini.

Na kwaya je, kiziwi anafaidi nini kwenye muziki?

Ngoma anaisikia kifuani na miguuni. Mwanangu alikuwa anakaa kwenye sakafu ya mbao kule nyuma ya kwaya na viganja chini, tukadhani anacheza. Leo wapo vijana watano, viziwi watatu na wanaosikia wawili, wanaimba kwa alama mbele ya kanisa, kwaya inaimba na wao wanaimba, kiongozi anawahesabia kwa kidole. Walianza Pasaka mwaka juzi. Msiwafanye tu kuwa maonyesho ya siku ya wageni, wapeni zamu kwenye ratiba kama kwaya nyingine. Wakimaliza washangilieni kwa kuinua mikono juu na kuitikisa, ndio makofi yao hayo.

Imani chanzo chake ni kusikia, sasa kiziwi anaaminije?

Swali hili linaulizwa kwa nia nzuri na limewaumiza wengi. Paulo kwenye Warumi 10 anaongelea habari njema kumfikia mtu, na habari inafika kwa mikono na kwa macho pia. Mungu mwenyewe anamwambia Musa kwenye Kutoka 4 kwamba yeye ndiye aliyefanya kinywa, na kiziwi, na anayeona. Na kwenye Marko 7 yule kiziwi aliyeletwa kwa Yesu, soma taratibu uone alichofanya, alimtoa kando ya umati peke yake, akamwekea vidole masikioni, akagusa ulimi, akatazama mbinguni. Kabla hajatamka Efatha alikuwa ameshamwonyesha kwa vidole na kwa macho anachotaka kufanya. Aliongea naye kwa njia ambayo yule mtu angeelewa.

Hapa hapa niseme la kuombewa. Mwanangu ameitwa mbele kuombewa afunguke masikio mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, wakati mwingine bila hata kuulizwa, anashtuka tu mikono ya watu sita iko kichwani kwake na yeye haelewi kuna nini. Mimi naamini Mungu anaponya. Lakini muulizeni kwanza, kwa alama au kwa kuandika, anataka kuombewa nini. Siku aliyoulizwa alisema anataka kuombewa mtihani wa hesabu.

Kitubio na ushauri wa siri inakuwaje kama lazima awepo mkalimani?

Kwa wakatoliki sheria ya Kanisa iko wazi, kanuni ya 990 inaruhusu mtu kuungama kupitia mkalimani, na ile ya 983 inamfunga mkalimani naye kutunza siri. Kwa madhehebu mengine wekeni makubaliano hayo hayo, ikibidi kwa maandishi. Muumini achague mkalimani mwenyewe, asipangiwe shemeji yake. Akitaka kuandika kwenye karatasi, sawa, karatasi achomoe aondoke nayo au ichanwe mbele yake. Na wachungaji, mapadri, jifunzeni angalau alama hamsini. Kusalimia, kuuliza jina, pole, Mungu, omba, nakuja kesho. Kiziwi akiona umejaribu anakusubiri na anakurekebisha kwa upole.

Ndugu zetu waislamu wanaweza kutumia haya?

Mengi ndio. Khutba ya Ijumaa inahitaji mkalimani anayeonekana, na Msikiti Mtukufu wa Makka wanatafsiri khutba kwa alama. Kwenye sala yenyewe jirani yetu mmoja kiziwi alinieleza anafuata safu ya mbele kwa macho, na akiwa kwenye sijda anahisi bega la mwenzake likiinuka, kwa hiyo kwake safu kushikana vizuri sio jambo dogo.

Matangazo tunayatoa, mbona hawaji?

Mnayatoa kwa sauti. Msiba umetangazwa kwa spika, ratiba ya jumuiya kwa mdomo mlangoni, na mbaya kuliko zote ni grupu la WhatsApp la jumuiya lililojaa voisi, dakika tatu tatu, kiziwi anaona tu mistari ya kijani. Andikeni. Hata ukipenda voisi yako, chini yake andika sentensi mbili, nini, wapi, saa ngapi. Hii haina gharama yoyote, tungefurahi mngeanza nayo leo.

Watoto viziwi tuwaweke darasa lao?

Wakiwa wengi na wanataka, sawa. Wakiwa mmoja wawili wawe na wenzao, mwalimu atumie picha na kuigiza, na watoto wote wafundishwe alama, watoto wanashika haraka kuliko sisi, mwezi mmoja tu wanapiga umbea kwa mikono.

Kisheria tunalazimika?

Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Lakini kanisa likisubiri sheria ndio limfungulie mlango mtu wake, kuna shida kubwa zaidi pale.

Mvua ikinyesha hapasikiki kitu, tufanyeje?

Yani hapa Mbeya kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua ikigonga bati ibada inasimama, wote tunajua. Machi mwaka jana ilikuja mvua ya mawe katikati ya mahubiri, mchungaji akapaza sauti, akashindwa, akakaa. Watu mia tatu tumekaa tunatazamana. Mbele ya benchi la pili mkalimani alikuwa ameshapewa karatasi ya mahubiri toka Ijumaa, akaendelea, viziwi wakaendelea kufuata, mmoja akauliza swali, mwingine akajibu, wanatikisa vichwa, mwanangu anacheka kitu ambacho mimi mama yake sijui ni nini. Kama dakika kumi na tano hivi. Siku hiyo ndio wazee wawili waliokuwa wanapinga posho ya mkalimani walikuja wenyewe kuuliza darasa la alama linaanza saa ngapi. Ni Jumatano saa kumi na moja jioni, hata nyie wa nje karibuni.

Na mkesha wa Krismasi, taa zinapozimwa?

Hili liko moyoni mwangu. Zile dakika za mishumaa, taa zote zinazimwa, watu wanaimba polepole, wengi wanasema ndio sehemu wanayoipenda kuliko zote. Kwa kiziwi taa ikizimwa lugha imekatwa. Kuna mwaka nilimtafuta mwanangu baada ya ibada nikamkuta nje kwenye ngazi, kwenye baridi, akaniambia kwa mikono "mmeniacha gizani". Umeme ukikatika kwenye ibada ya jioni ni hivyo hivyo.

Tulichofanya ni kidogo sana. Taa moja inabaki, inamulika mkalimani peke yake, na dada mmoja wa kamati anashika tochi ya akiba. Mishumaa bado inapendeza. Tochi inakaa kwenye kabati la vyombo vya ibada, rafu ya juu, na betri mpya pembeni yake, na jina la atakayeishika linaandikwa kwenye ratiba pamoja na wasoma masomo.